Chemchemi ya mlimani kwa siku moja: mwongozo kamili wa kupanda Usambara Mashariki ukitokea Tanga

Watu wa Tanga tunataniwa kwa "waja leo waondoka leo". Kwa safari hii utani huo ndio ratiba yenyewe: unaswali alfajiri mjini, unapanda mlima, unafika maji yanapozaliwa, unashuka, na magharibi inakukuta nyumbani ukikanda magoti.

Njia ni fupi. Simu yangu ilipima kilomita mbili na robo kutoka barabara inapoishia hadi kwenye jicho la maji. Nilipowaambia wenzangu hivyo, mmoja alikuja na ndala. Kilichomshinda hakikuwa urefu, ni mwinuko: mita 430 kwenda juu ndani ya kilomita hizo mbili na ushei. Ukikadiria ghorofa moja ni mita tatu, umepanda jengo la ghorofa 143, tena ngazi zake ni mizizi, majani makavu na udongo mwekundu uliolowa umande. Ndala moja ilikatika kabla hatujamaliza hata robo ya njia, ikafungwa kwa kamba ya mgomba, ikakatika tena.

Jina la chemchemi yenyewe silitaji. Haina uzio wala mlinzi, na kuna kaya zinazochota pale kila siku. Yaliyomo humu yatakufikisha kwenye chemchemi yoyote ya milima ile, mradi upite kwanza kwa wenyewe.

Mlima wenyewe

Ukifika Muheza, geukia magharibi. Ule ukuta wa buluu ndio Usambara Mashariki. Upepo wa baharini hufika pale umebeba unyevu, ukagonga mlima, ukalazimika kupanda, ukapoa, na mzigo wake ukaushusha kama mvua. Amani, kule juu, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo hayateremki yote kwa siku moja. Mengi huzama kwenye udongo mzito wa msituni, yakashuka taratibu mpaka yakakutana na mwamba mgumu yasioweza kuupenya, ndipo yakatafuta upenyo wa ubavuni. Hapo ndipo jicho linapofunguka. Kwa sababu safari hiyo ya chini kwa chini huenda polepole sana, chemchemi nzuri hutoka hata kiangazi, wakati mifereji ya juu imekauka.

Vijito vya huku huungana vikawa Mto Zigi, Zigi huingia Bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko jiji la Tanga linakopata maji yake. Ukifungua bomba Ngamiani au Chumbageni, unafungua mlima huu. Nalitaja hili mapema kwa sababu linabadili namna ya kutembea: hauendi porini, unaingia jikoni mwa mtu, na mtungi ni wa wengi.

Hatua ya kwanza: siku

Miezi mizuri ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, halafu Januari na Februari. Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani: njia inageuka mfereji na ardhi ya miteremko hii huporomoka. Vuli ni bahati nasibu. Hata hivyo usijidanganye na kalenda, kwani Usambara Mashariki haina mwezi unaoweza kuapa kwamba hautanyesha.

Jioni ya kuamkia safari mpigie simu mwenyeji wako. Usimuulize "kuna mvua?", maana atakujibu kwa anavyoona angani. Muulize "leo kijia kilikuwaje?" Akisema watu wameshuka wameshika fimbo, ahirisha. Mvua kubwa ya usiku mmoja inatosha kuharibu asubuhi nzima.

Ijumaa mwongozaji wako huenda akataka awe chini kabla ya swala, kwa hiyo kubalianeni mapema. Na Ramadhani mwachie mlima nafasi yake. Kupanda mwinuko ule bila maji kinywani ni kuutafutia mwili maradhi.

Hatua ya pili: ruhusa na mwenyeji

Kuna hali mbili, na ni lazima ujue wewe uko katika ipi. Kama njia inapita ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, utaripoti getini Zigi, utalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo ya serikali siku hizi ni kwa namba ya malipo kupitia simu, na mtandao mlimani huja na kuondoka. Weka salio la kutosha kwenye simu ukiwa bado Muheza.

Kama chemchemi iko kwenye ardhi ya kijiji, nenda ofisi ya kijiji. Salimia, jitambulishe, sema unatoka wapi na unataka kufika wapi, kisha nyamaza usikilize. Mwenyekiti atakuelekeza kwa watu wa jumuiya ya watumia maji, kwa sababu ndio wenye chanzo. Hao ndio watakaokupa mtu wa kukupeleka. Usimchukue kijana yeyote aliyekaa kijiweni eti anaijua njia. Anaijua kweli, lakini ukifika juu na ukamkuta mtu wa kamati ya maji, wewe ndiye utakayejieleza.

Bei ya mwongozaji patana kabla ya kupanda, na itajwe mbele ya mtu wa tatu. Uliza pia kama kuna miiko. Sisi siku moja tuliambiwa tuvue viatu hatua kumi kabla ya maji na tusipige mluzi. Sikuuliza kwa nini. Tulivua, hatukupiga mluzi, na safari haikupungukiwa kitu.

Hatua ya tatu: vya kuvaa na kubeba

Viatu kwanza. Raba yenye meno marefu chini, iliyokwisha kuvaliwa angalau wiki mbili, inashinda buti jipya la bei kubwa. Raba iliyolika soli, hata kama ni nzuri kwa matembezi ya Raskazone, huku ni kuteleza kwa gharama. Wenyeji wengi hupanda na mabuti ya mpira ya shambani, nayo hushika vizuri kwenye tope, ila kwa mguu usioyazoea hukwangua visigino. Soksi ndefu, suruali nyepesi isiyobana, shati la mikono mirefu. Kina dada waliopanda nasi walivaa suruali chini ya dera, wakalipandisha dera kwa kulifunga kanga kiunoni. Wakati sisi tulikuwa tunachomoa miiba mapajani, wao walikuwa wameshafika.

Maji: lita mbili kwa kila mtu, na usijiambie kwamba unakwenda kwenye maji. Utakapokuwa na kiu zaidi utakuwa katikati ya mpando, si kwenye chemchemi. Chakula kiwe cha mkononi na chenye chumvi kidogo: mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, mayai, chapati iliyokunjwa. Wali na samaki wa kupaka waache wakusubiri nyumbani. Machungwa nunua Muheza, ndiko kwao.

Kwenye begi weka pia koti jepesi la mvua, sweta, tochi yenye betri mpya, kisu, filimbi, bendeji pana moja, vitambaa safi, dawa ya maumivu unayoitumia siku zote, pakiti mbili za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), vidonge vya kutibu maji, na mfuko wa kurudishia taka zako. Simu ipakulie ramani ukiwa mjini na uizime data ukianza kupanda, isije ikamaliza chaji ikitafuta mtandao.

Fimbo usinunue. Mwongozaji atakukatia mti mkavu njiani, na ukitaka kujua urefu unaofaa, isimamishe kando yako: ikifika kifuani ni nzuri kwa kushukia, ikiishia kiunoni itakuinamisha.

Hatua ya nne: kufika chini ya mlima

Kosa la wengi liko hapa. Mabasi ya Amani mara nyingi hupanda mchana na kushuka asubuhi, kwa sababu yanafuata shida za watu wa mlimani wanaokuja Muheza sokoni na hospitalini. Wewe unataka kinyume chake. Ukiyategemea utafika saa kumi jioni, na safari ya siku moja imeshakuwa ya siku mbili.

Kwa hiyo: saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe stendi ya Kange. Panda haisi au basi lolote linalopita Muheza, ni kama kilomita 40 za lami. Muheza kunywa chai haraka, chukua bodaboda au, kama mko wanne, kodini gari dogo. Kutoka Muheza hadi Zigi ni kama kilomita 25 za barabara ya vumbi, na ni saa nzima ukihesabu mashimo. Dereva mlipe nusu, nusu nyingine akija kuwachukua, na muda wa kurudi mwandikie kwenye meseji. Maneno ya mdomo kuhusu saa yana hatari yake Uswahilini. "Saa nane" ukimwambia mtu anayeangalia simu inayoandika 14:00, mmoja wenu anaweza kutafsiri vibaya, na aliyekosea huwa ni yule aliyechoka.

Ukiwa Zigi na una dakika kumi, tazama nyumba ya zamani ya stesheni. Wajerumani walifikisha reli ndogo hadi hapa kushusha magogo na mazao. Reli imekwisha kung'olewa, nyumba imebaki.

Hatua ya tano: kupanda

Anza kutembea si baada ya saa mbili na nusu asubuhi. Mtu asiyezoea mlima, akienda bila kukimbizana, hupanda kama mita 250 hadi 300 za mwinuko kwa saa. Gawanya: mita 430 ni saa moja na nusu hivi, ongeza mapumziko, utafika baada ya saa mbili. Wekeni pia saa ya kugeuza. Yetu ni saa sita kamili mchana: ikigonga hatujafika, tunageuka, hata kama mwongozaji anasema ni "hapo tu". "Hapo tu" ya mtu aliyezaliwa mlimani inaweza kuwa dakika arobaini zako. Mawingu ya upande huu hupenda kushuka alasiri, na jua la kwetu likizama giza halina subira; chini ya miti huingia mapema zaidi.

Dakika kumi na tano za kwanza tembea polepole mpaka uone aibu. Aliyeanza kwa mbio utamkuta ameketi kwenye gogo la kwanza, uso umebadilika rangi. Kipimo changu ni maneno: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza mwendo. Usisimame, punguza. Kusimama na kuanza upya kila baada ya hatua ishirini kunachosha kuliko kwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Hatua ziwe fupi. Kanyaga kwa soli yote, usipandie vidole, vinginevyo vigimbi vitawaka moto kabla ya nusu ya njia. Penye ukali zaidi nyoosha goti la mguu wa nyuma, uegemee mfupa kwa kitambo kidogo kama unapima hatua, halafu ndipo ulete mguu mwingine. Msuli unapata nafasi ya kupumua kila hatua, na hutaamini tofauti yake mpaka ujaribu. Ukiona mkato wa wima unaopita katikati ya kona mbili, uache. Mikato hiyo ndiyo inayoyapa maji ya mvua njia ya kukata mlima.

Mkono usishike usichokiona vizuri. Mizizi minene ni rafiki, lakini ivute kwanza kabla ya kuipa uzito wako. Achaneni hatua tatu nne kwenye miteremko mikali, maana jiwe moja likichomoka halichagui wa nyuma. Kunywa mafunda mawili matatu kila robo saa, hata kama hujasikia kiu, na kula kidogo mkiwa nusu ya njia.

Kama mwongozaji ametangulia na wewe umefika njiapanda, kuna namna ya kukitambua kijia cha maji. Njia ya kuni hupanda ovyo, hutawanyika, hatimaye hufia kichakani. Njia ya maji ni nyembamba, imekandamizwa ikawa ngumu, na haipandi wima popote: mtu mwenye ndoo kichwani hawezi kupanda wima, kwa hiyo imepinda taratibu kila penye ukali. Alama nyingine ni bomba. Vijiji vingi vya chini ya milima hii hupata maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe bila mashine, na bomba jeusi la plastiki hujitokeza hapa na pale kwenye udongo. Lifuate kwa macho. Usilikanyage, na usilishike kama kamba ya kujivutia. Tone linalovuja kwenye kiungo mchana kutwa ni maji yasiyofika chini ifikapo jioni.

Utaanza kusikia harufu ya iliki, maana huku hulimwa chini ya kivuli cha miti mirefu. Mbega weusi wenye joho jeupe huruka juu kama shuka zilizopeperushwa kutoka kwenye kamba. Hondohondo utawasikia mbawa kabla ya kuwaona. Na hewa ikibadilika ghafla, ikawa ya ubaridi wenye unyevu, tazama miamba ya kando. Kwenye kuvu la kijani penye kivuli huota ua dogo la zambarau lenye kitovu cha njano na majani yenye manyoya. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa na kazi yake huku, alilipeleka Ujerumani kwa baba yake, na leo linauzwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Mimi huliona kama kengele ya mlangoni. Linapenda mwamba unaotoa jasho, na mwamba ukitoa jasho maji hayako mbali. Lipige picha uliache. Ukiling'oa halitafika Tanga likiwa hai.

Hatua ya sita: kwenye jicho la maji

Mara yangu ya kwanza nilifika nimechemka. Nilipiga magoti, nikanawa uso, halafu nikavua raba na kutumbukiza miguu yote miwili kwenye kile kidimbwi, maji yakinifika kwenye vifundo. Baridi yake ilipanda hadi kwenye meno. Sijamaliza kufumba macho, bibi mmoja akatokea kwenye kona ya juu na ndoo ya lita kumi. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Pole na mlima."

Nikatoa miguu, nikamkaribisha achote. Akaweka ndoo chini, akaketi juu ya jiwe.

"Ngoja yatulie," alisema.

Tope lilikuwa limepanda kutoka chini kama uji unaoanza kuchemka. Tulikaa. Alinisimulia habari za mjukuu wake anayesoma Korogwe, hakusema neno juu ya miguu yangu. Ilichukua zaidi ya robo saa mpaka mchanga mweupe wa chini ukaonekana tena, na alipochota alichota juujuu kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, asiligutushe tope. Sijawahi kukaripiwa vikali kuliko siku ile.

Basi hizi ndizo taratibu nilizotoka nazo. Jicho lenyewe, pale maji yanapochipuka, halikanyagwi wala halichotwi kwa chombo kilichowekwa chini njiani. Kama kuna bomba au mfereji wa kutokea, chota hapo. Kunawa ni hatua kadhaa upande wa kushuka, tena kwa kuchota na kumwaga kwenye majani. Sabuni isifunguliwe kabisa. Moto, mapishi na haja zibaki mbali: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na ingawa wewe ni mpita njia, mita 60 ni kipimo kizuri hata kwako. Haja iwe upande wa chini wa chemchemi, ifukiwe, na karatasi irudi kwenye mfuko wako.

Je, ni chemchemi kweli au ni maji ya juu yaliyojificha chini ya majani? Tia mkono. Maji yanayotoka ndani kabisa huwa na ubaridi uleule asubuhi na adhuhuri. Halafu muulize mwenyeji: mvua ikinyesha, yanachafuka? Yakigeuka ya kahawia baada ya kila mvua, kuna maji ya juu yanaingia, na hayo si ya kunywa hivihivi. Ung'avu peke yake hausemi kitu. Mimi hunywa kwenye bomba la kutokea pale ambapo hakuna nyumba, shamba wala zizi juu yake, na ya watoto huyatibu kwa kidonge, nikisubiri nusu saa kama pakiti inavyoelekeza. Vijito vya chini, vinavyokwenda taratibu kando ya makazi, sinywi na siogi. Huko kichocho hakipigi hodi.

Ukiwa na muda, na kwa ruhusa, pima maji. Ni mchezo mzuri kwa watoto waliokuja nanyi, na kamati hupenda kujua. Weka ndoo ya lita 20 kwenye bomba la kutokea, hesabu sekunde mpaka ijae. Ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde. Inaonekana kidogo, uzi tu wa maji. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku: lita 43,200. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu wa kijijini kwa siku, kwa hiyo uzi ule unaweza kuhudumia watu zaidi ya 1,700, ikiwa hakuna tone linalopotea. Rudieni kipimo mara tatu mchukue wastani, na muandike tarehe, kwa sababu namba ya Agosti na namba ya Aprili ni za chemchemi mbili tofauti.

Kaeni saa moja. Kuleni mbali na maji, vaeni sweta kabla jasho halijapoa mgongoni.

Hatua ya saba: kushuka

Watu huumia wakishuka. Mapafu yametulia, roho imefurahi, miguu ndiyo iliyochoka bila kusema. Kaza kamba za viatu upya ili vidole visigonge mbele. Kunja magoti kidogo, fimbo itangulie, mwili usiegemee nyuma, maana anayeegemea nyuma ndiye anayekaa chini bila kutaka. Penye udongo mtupu shuka kiubavu. Penye majani makavu buruza mguu kidogo kabla ya kuukabidhi uzito, kwani chini ya majani kuna mzizi uliolowa unaokusubiri. Asiyekuwa na haraka awe mbele, mwenye haraka awe nyuma yake. Mpango huo huwakera vijana, na ndiyo faida yake.

Likitokea la kutokea

Kifundo kikiteguka, usivue kiatu kwanza. Kitavimba na hakitaingia tena. Funga bendeji juu yake, mpunguzie mzigo, shukeni taratibu mkimshika. Akiwa hawezi kukanyaga kabisa, msimburute: mwongozaji ashuke kutafuta watu na machela, nyinyi mbaki naye mkimfunika sweta.

Kizunguzungu, kichwa kuuma na mkojo wa rangi nzito ni maji yamepungua. Kivuli, ORS, pumziko la kweli. Pakiti ikikosekana na sukari na chumvi mnazo, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Siafu wakikatiza njia, usisimame kuwatazama. Ingiza suruali ndani ya soksi, ruka au pita mbio, kisha kagua. Upupu ukikugusa, usikune. Vua nguo iliyopata, nasa vile vinyoya kwa gundi ya karatasi kama unayo, la sivyo paka tope, liache likauke ulibandue.

Nyoka wengi hukimbia mshindo wa fimbo. Kifutu yeye hakimbii, hulala kwenye majani, ndiyo maana hatukanyagi tusipopaona. Mtu akiumwa: usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kubana. Mvue pete na bangili, mguu au mkono utulizwe usichezecheze, abebwe, na safari iwe ya hospitali moja kwa moja. Hospitali Teule iko Muheza. Simu ya dharura ni 112, na mtandao ukipotea bondeni, jaribu kwenye mgongo wa mlima.

Wajawazito, wenye shida ya moyo na wenye pumu isiyotulia wazungumze na daktari wao kabla. Watoto chini ya miaka minane niliwahi kumpeleka mmoja. Nilimbeba nusu ya njia, sirudii.

Kurudi

Ukiwa chini, rudi kwa mwenyekiti au getini uage. Watu wanaojua umepanda wanastahili kujua umeshuka. Mwongozaji mlipe yote mliyopatana, mkononi, na kama kamati ina daftari la michango ya maji, andika chochote.

Bodaboda ikichelewa, mpe nusu saa kabla ya kumtafuta mwingine. Ile barabara hupasua matairi. Saa kumi uko Muheza, na machungwa bado yapo. Nyumbani jikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani kabla ya kuoga. Siku ya pili mapaja yatauma kuliko ya kwanza, hasa ukishuka ngazi, kwa hiyo usipange kazi ya kubeba kitu Jumatatu kama ulipanda Jumamosi.